Uvimbe Chini ya Mtulinga

Wateja wake walimwita Mama Vipimo, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kumpima mtu kwa macho kabla hajashika tepu. Alishona nguo za kike katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la rangi, na mwanamke akiingia tu mlangoni yeye alikuwa ameshajua bega lipi limeshuka na litafichwa vipi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake. Watu walitoka kwake wamenyooka kuliko walivyoingia. Yeye mwenyewe hakuvaa ila alichokishona, maana fundi ambaye nguo yake haimkai, nani atamkabidhi kitambaa?

Kisha moyo ukaanza kumwangusha. Ngazi za kwenda kazini akawa anazipanda kwa vituo. Miguu ilivimba hadi viatu vikamkataa, na kulala akalala kwa kuegemea mito, kama mtu anayengoja gari. Dawa zilimsaidia kwa muda, halafu zikagota. Daktari wa moyo, mwanamke wa rika la bintiye mkubwa, alimweleza bila kuzunguka.

"Moyo wako umetanuka, mama, na juu ya hapo pande zake hazivuti pamoja. Umeme unaoamrisha pigo unachelewa kufika kushoto. Kulia kukishamaliza kuvuta, kushoto ndiyo kwanza kunaamka."

"Kama kaka yangu asubuhi," alisema wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa amemsindikiza. Daktari alicheka, wakacheka wote.

Tiba ilikuwa kifaa chenye betri, kipana kama saa ya mkononi isiyo na mkanda, kilichopachikwa chini ya ngozi, karibu na mfupa wa mtulinga wa kushoto. Humo mlitoka nyaya zilizopitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni: mbili zikaishia upande wa kulia, na ya tatu, iliyomtoa daktari jasho, ikazungushwa nyuma mpaka kushoto. Kazi ya kifaa ilikuwa kuziamrisha pande zote mbili zivute kwa pamoja. Siku ya kuruhusiwa aliambiwa asiloweshe kidonda, asiinue mkono juu ya bega mpaka kipone, na kifaa asikichezee. Yote aliyaitikia.

Kifaa kikafanya kazi yake. Viatu vilimrudia miguuni. Akawa anapanda ngazi huku anaongea, habari ambayo mumewe, mtunza stoo wa shule na mtu mpole kupindukia, aliitangaza kwa kila aliyefika kuchukua chaki.

Kilichomshinda Mama Vipimo ni uvimbe. Kifaa kilikuwa kimekaa upande kidogo, na kona yake ikasukuma nguo kwa mbele. Alijaribu kola pana, akajaribu marinda, akajaribu pedi; kila blauzi ikawa na kilima. Basi kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alisimama mbele ya kioo cha wateja, akakishika kwa vidole viwili juu ya ngozi, akakisukuma na kukigeuza mpaka kilale. Kililala. Kufika mchana kilikuwa kimeinuka, naye akakigeuza tena, akiwa na pini mdomoni. Hakuona kwamba anavunja agizo. Kuchezea ni kazi ya watoto. Yeye alikuwa anarekebisha. Lakini hakumwambia mtu, na hilo peke yake lingetosha kumshtua.

Miezi ikapita, pumzi ikaanza tena kumpungukia. Viatu vikabana. Ukaongezeka na mrusho wa msuli chini ya mbavu, unaodunda kwa mpigo uleule kama kwikwi, hata wifi yake akamuuliza kama amemeza kuku mzima mzima.

Mumewe hakuona la kuchekesha. Mpole akikasirika hukasirika kwa deni la miaka yote. Aliwaambia walimu, akawaambia wapishi, akauambia mtaa mzima kwamba hospitali imemwekea mke wake mtumba. Siku ya kliniki alivaa koti, akamchukua na dada yake awe shahidi.

"Nataka kujua kifaa hiki kilitoka kwa nani," alimwambia daktari kabla hajakaribishwa kiti. "Mtu kapona, kesho yuko palepale. Hii ni mali iliyokwishatumika."

"Kilikuwa kipya, baba. Hebu tuangalie picha kwanza."

Daktari aligeuza kioo cha kompyuta kuwaelekea. Picha ya eksirei ilionyesha mbavu, kivuli cha moyo, na kifaa cheupe kikiwa kimenyooka vizuri. Nyaya zilizopaswa kushuka chini zilikuwa zimejiviringisha juu ya kifaa, mzunguko juu ya mzunguko, zimebana, zimepangika. Ule waya wa kushoto ulikuwa umeng'oka, umevutwa juu.

Mama Vipimo alihisi uso unamchoma. Kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa ameona uzi ukikaa hivyo kwenye bobini ya cherehani. Uzi haujizungushi. Kuna mkono.

"Mama," daktari aliuliza kwa upole, "huwa unakigusa?"

"Hapana."

Neno lilitoka lenyewe. Mumewe akalidaka hewani.

"Mke wangu si mtoto, daktari. Mnakosea wenyewe, halafu mnamsingizia mgonjwa."

Daktari aliitazama tena picha. "Basi kosa ni langu. Niliyekishona ni mimi. Yawezekana nilikiachia nafasi kubwa kikawa kinazunguka. Nitakuomba uniwie radhi, mama, kwa sababu itabidi tufungue tena, na mikono ni hiihii."

Aliyasema bila kuinamisha macho. Mama Vipimo ndiye aliyeinamisha yake. Alikuwa amewahi kumfukuza mteja aliyefumua gauni nyumbani kwake, akaliharibu, kisha akarudi mbele ya watu kumtukana fundi. Alimwita mwanamke yule asiye na haya.

"Kaa chini, baba watoto," alisema.

"Sikai mpaka—"

"Kaa. Si wao. Ni mimi." Akainua vidole viwili, akaonyesha hewani jinsi alivyokuwa akikigeuza, daima upande uleule. "Kila siku. Kilikuwa kinaharibu nguo."

Mumewe alikaa taratibu, kama mtu asiye na hakika kwamba kiti kipo. Wifi ndiye aliyeshindwa kujizuia.

"Sasa wifi, kwa umri wetu huu, kifuani nani alikuwa anakuangalia?"

"Mimi."

Daktari hakumkaripia; angemkaripia ingekuwa nafuu. Alieleza kwamba waya wa kushoto, ambao umeme wake ndio uliokuwa ukimrusha chini ya mbavu, utawekwa upya, na safari hii kifaa kitashikizwa kwenye msuli kwa nyuzi zisizooza. Hakitageuka tena. Lakini kitaonekana vilevile, pengine zaidi.

"Kionekane," alisema Mama Vipimo.

Mumewe alisimama, akafunga vifungo vya koti, akavifungua. "Daktari, yale maneno ya mtumba..." Hakufika mwisho wake. Daktari alimwambia hakuna neno, na kila mmoja alijua kwamba lipo.

Kwenye korido mumewe alitangulia mbele, haraka, yeye ambaye siku hizi hutembea nyuma ya mkewe ili asikilize pumzi zake. Alipoitwa alisimama, lakini hakugeuka. Mama Vipimo alimfikia akihema.

"Nimewaambia shule nzima," alisema, akiutazama ukuta. "Kesho nitawaambia nini?"

"Waambie mkeo alikiharibu."

"Siwezi kusema hivyo."

"Basi nitakuja niwaambie mwenyewe, nisimame pale stoo."

Mumewe aliitazama miguu ya mkewe, iliyofura juu ya mikanda ya ndala. Akamchukulia mkoba.

"Ukatibiwe kwanza," alisema, nao wakaanza kutembea, mwanamume akiupunguza mwendo mpaka ukalingana na wake.