Maswali Ambayo Dada Hakuyajibu

Chuoni walimwita Bi Maana, na jina alilipenda, msimwone anavyokunja uso. Kazi yake ilikuwa utafiti wa maana: si ile ya kwenye kamusi, bali ile inayofika bila kusemwa. Ukimuuliza mwenzako, "Utakuja kesho?" naye akakujibu, "Kesho nina wageni," hajasema haji, lakini wewe umeshajua haji. Umejuaje? Swali hilo ndilo lililompa Bi Maana mshahara, na wanaocheka na wacheke.

Safari hii alichunguza jinsi watu wanavyokwepa maswali, na alihitaji mazungumzo ya kweli. Akamwomba dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki na ambaye sasa aliishi peke yake upande wa pili wa mji, akubali simu zao za Jumapili zirekodiwe. Chuo kilikuwa na masharti makali: anayerekodiwa lazima aambiwe kila mara. Basi kila simu ilianza vilevile.

"Dada, narekodi."

"Rekodi, mdogo wangu," dada hujibu, na sauti yake hukaa sawa kama mtu anayepigwa picha.

Bi Maana aliyakatakata mazungumzo hayo vipande, kila kipande akakipa alama yake. Furaha aliyokuwa nayo, jamani! Siku ya kuwasilisha mbele ya wenzake, katika chumba cha mikutano chenye projekta inayokoroma, akawasikilizisha kidogo.

"Yale maumivu ya bega yameisha?" sauti yake ilitoka kwenye spika.

"Wewe umekula?" dada akauliza.

"Nimekula. Hospitali ulikwenda?"

"Hivi lile koti lako la bluu bado unalivaa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata yeye alicheka. "Mnaona anavyonipiga chenga?" akasema. "Kila wiki namuuliza afya yake, hajanijibu hata mara moja. Sina data tamu kama hii."

Mwalimu mwenzake aliyekaa karibu na dirisha hakucheka. "Kwani anaumwa nini?" akauliza.

Bi Maana akageuka kuitazama spika. Miezi yote hiyo! Yeye, anayelipwa kusikia yasiyosemwa, alikuwa ameyasikia, akayatia alama na kuendelea na kazi. Akachukua simu palepale, mbele za watu, akampigia dada. Ikaita weee, mpaka ikakatika. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Alitoka mbio, mkoba akausahau kwenye kiti. Ndani ya teksi aliogopa hata kufumba macho, maana akiyafumba tu anamwona dada amelala sakafuni na simu inaita pembeni. Mungu wangu, nimechelewa. Dereva alimuuliza wapite njia ipi, naye akamjibu, "Twende tu, kaka, twende!" Alipofika aligonga mlango kwa viganja vyote viwili, huku anaita kama mwendawazimu.

Ndani zikasikika ndala zikiburuzwa. Mlango ukafunguka, na dada akatokea na taulo kichwani.

"Kuna nini? Unataka kunivunjia mlango?"

"Mbona hupokei simu!"

"Si nilikuwa naoga! Na leo si Jumapili."

Bi Maana alitaka kucheka, akashindwa. Dada alikuwa amekonda. Mifupa ya shingo ilikuwa imemtoka, na mkono wa kushoto aliubana ubavuni. Simu haikuwa na macho ya kuyaona hayo.

"Dada, niambie. Unaumwa nini?"

Dada hakuuliza kama amekula. Aliitazama simu mkononi mwa mdogo wake. "Hicho kidude kinarekodi?"

"Hakirekodi."

"Kizime kabisa."

Akakizima, akakiweka mezani. Dada akamkalisha kitandani, akaushika mkono wa mdogo wake na kuuingiza chini ya kwapa lake mwenyewe la kushoto. Palikuwa na uvimbe mgumu, usiosogea. Bi Maana alitaka kuuondoa mkono, dada akauzuia.

"Mwingine uko kwenye titi," akasema. "Ningeyasemaje hayo wakati watu wa chuoni wananisikiliza?"

"Tangu lini, dada?"

"Tangu simu ya kwanza. Siku ile nilikuwa nimejiandaa kukwambia. Ukasema unarekodi."