Mama Mkwe Ukutani

Ukuta wa ghala la mpunga, pale nyuma ya soko la Kasongo, tuliupaka chokaa wenyewe. Kila Jumamosi, giza likianza kuingia, watu walileta viti vyao, nami niliwasha projekta kwa betri ya sola na kuonyesha picha za zamani ambazo familia zilikuwa zimeniazima. Kelele zake sasa! "Angalia ile suruali!" "Huyu si mujomba?" Watu walicheka, na wengine walilia kweli.

Lakini mimi, niseme ukweli, yote nilikuwa nafanya kwa ajili ya mama. Macho yake yalikuwa yanazibwa na mtoto wa jicho, na picha zetu zote zilibaki Kabambare siku tulipokimbia vita. "Nataka kuona uso wa mama yangu mara moja tu," aliniambia, "mbele ya giza kunifungia mulango." Picha ya mkononi hakuweza kuiona tena. Ya ukutani, kubwa kama nyumba, pengine.

Basi siku moja picha ikaja kutoka Kabambare kwa pikipiki, imefungwa ndani ya plastiki. Wanawake wamesimama kwa safu na majembe yao, nyuso ndogo kama punje za mchele. Mwenye picha alisema bibi yangu yumo. Yupi? Hakujua. Mimi mwenyewe sikumwahi bibi. Nikaipiga kwa simu, nikaiweka ukutani kwa projekta, mama akakaza macho weee, akatikisa kichwa.

"Naona vikwembe vyao vya kiunoni tu," alisema. "Sura, hapana."

Niliumia.

Hapo baba akasimama ghafla, akajifunika koti kichwani, akaupa ukuta mgongo.

Kwetu mwanaume haangalii uso wa mama mkwe wake. Akimwona njiani, anaingia majanini. Ni mpaka siku atakapompelekea kuku wa kufungua macho; mama mkwe akimpokea, yamekwisha, wanasalimiana kama watu. Baba alikuwa bado anamfuga huyo kuku wakati bibi alipokufa.

Mama akapiga makofi. "Kama anakimbia, basi mama yangu iko pale!"

"Lakini baba," nikamwuliza, "wewe hukuwahi kumwangalia. Umemjuaje?"

"Eh! Mutu mwenye anakimbia mukwe wake anapashwa kumujua toka mbali," alijibu chini ya koti. "Ni yule wa mwisho, kuume. Anaegemea jembe, muguu moja juu ya mwingine. Nikimuona amesimama vile, nilikuwa nageuza njia."

Watu walivunjika mbavu. Nikaikuza picha mpaka yule mwanamke wa mwisho akajaza ukuta mzima. Mama akasogea polepole, akasimama pembeni asizuie mwanga, akainua kidevu. Alikaa hivyo kitambo.

"Pengo," alisema. "Pengo lake la meno. Ni yeye. Mama yangu, weee, mama yangu!"

Alicheka huku machozi yanamtoka. Na mimi nililia, kwa nini nifiche? Wamama wa sokoni walikuja kumshika mabega.

"Geuka basi umuone," akamwambia baba. "Alishakufa, hatakukasirikia."

"Heshima haifi," baba akasema, na hakugeuka. Alikaa na koti lake kichwani mpaka nilipozima projekta, kisha tukarudi nyumbani watatu, mama katikati akizungumza njia nzima juu ya lile pengo.

Asubuhi nilimkuta uani ameshika kuku mwekundu, yule mtagaji wake ambaye hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kumfukuza jikoni. Alipiga goti mbele ya mama, mzee mwenye magoti mabovu vile, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Ni wa mama yako," alisema. "Umupokelee."

Mama akampokea kuku, akambana kifuani.

Baba akasimama kwa shida, akajipangusa vumbi, akanigeukia.

"Jioni uweke tena ile picha," alisema. "Nitakaa mbele."