Mwendo wa Afande

Mlangoni mwa jengo moja la ghorofa tano, lenye mawakili, daktari wa meno na watu wa bima, alikaa mlinzi ambaye kila mtu alimwita Afande. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na miwili, na kazi yake kubwa ilikuwa kutembea: kuzunguka jengo kila saa, kupanda ngazi, kujaribu vitasa, kushuka. Alikuwa na tabia moja iliyomchosha msimamizi wake, nayo ni kuuliza. Mzigo ukiingia, hakutosheka kujua ni wa nani. Alitaka kujua na kilichomo kinafanya kazi gani.

Ghorofa ya nne walihamia watengeneza gemu za simu. Asubuhi moja mkuu wao, kijana wa ndevu chache na haraka nyingi, alishuka mbio.

"Afande, samahani. Dada wa kutuigizia miendo ya watu wa gemu amepata dharura, na vifaa tumevikodi leo tu. Tusaidie nusu saa. Ni kutembea tu."

"Kutembea ndiyo kazi yangu," alisema Afande. Akamwachia mlango mfagizi wa jengo, mwanamke mwenzake, akapanda.

Walimvika suti nyeusi ya kubana, yenye vidoti vyeupe kuanzia mabegani hadi visiginoni. Kamera zilimzunguka ukutani. Kwenye kioo cha kompyuta alisimama mwanasesere wa kijivu. Afande akiinua mkono, naye anainua. Alipojikuna pua, na yule akajikuna. Afande alicheka mpaka ikabidi wamsubiri.

Kisha akatembea, kutoka ukuta huu hadi ule.

"Safi," alisema mkuu. "Sasa tembea kama mwanamke."

Afande alijitazama juu mpaka chini. "Kwani hapo nimetembea kama nani?"

Msichana mmoja, mchoraji, aliinamia kompyuta yake kuficha kicheko. Mkuu akajaribu kueleza. "Yaani... kiuno kidogo. Kama mtu anayejua anatazamwa."

"Anaenda wapi?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke wenu. Nikijua anakoenda, nitajua atembee vipi."

Mkuu alipekua karatasi zake. "Anapita tu sokoni."

"Sokoni hakuna anayepita tu, baba. Ananunua, anauza, au anawahi nyumbani."

Hata hivyo alifanya alivyoambiwa. Alitembea mwendo ambao, alimwambia mfagizi baadaye, ungemfikisha sokoni keshokutwa.

Miezi ikapita. Gemu ilipotoka, mchoraji alimwekea kwenye simu. Jumapili mchana Afande alikaa kitandani na mama yake, ambaye alikuwa akikunja nguo, wakaifungua. Mama alivaa miwani na kusogea.

"Si wewe yule?"

"Yupi?"

Kidole cha mama kilimgusa askari wa lango, mwenye mkuki na ndevu za kufika kifuani.

"Yule ni mwanamume, mama."

"Ndevu ni zake. Lakini anavyouburuta mguu wa kushoto akigeuka, ni wewe. Nimekuona ukitembea tangu hujaota meno."

Afande alitazama tena. Kweli, alikuwa yeye. Akaingia soko la ndani ya gemu kujitafuta tena. Huko kila mwanamke, awe binti, mjamzito au bibi kizee wa kikapu, alitikisa kiuno kilekile, hatua kwa hatua. Wanaume je? Mlevi alikuwa na mwendo wake, mwizi wake, mzee wa goti bovu wake. Hakukasirika. Alishikwa na hamu ileile ya kutaka kujua kilichomo.

Jumatatu alimfuata mchoraji.

"Mwendo wako wa kwanza ulikuwa mzuri mno kuutupa," alisema mchoraji. "Mkuu akasema ni wa askari. Nikasema basi awe askari mwanamke. Akasema wachezaji hawataamini."

"Hawataamini? Askari mwanamke si ndiye anayewafungulia ninyi mlango kila asubuhi?"

"Na wanawake wote walipewa mwendo mmoja ili kuokoa muda. Nimeuliza mikutanoni mpaka nimeitwa msumbufu. Mwanamke niko peke yangu humu, dada."

"Mimi nalipwa kusumbua watu," alisema Afande. "Nitamuuliza mimi."

Kesho yake alimsimamisha mkuu mlangoni. "Yule bibi wa kikapu, mbona anatembea kama ana miaka ishirini?"

Mkuu alitoa simu, akafungua gemu na kumtazama bibi, begi likiwa bado begani. "Sijawahi kumwangalia," alisema. Jioni alirudi. "Afande, bibi wa magoti mabovu hutembeaje?"

"Yangu bado mazima. Ila nyumbani nina mtaalamu."

Vifaa vilikodiwa tena, mama akaja na kukataa katakata kuvaa suti ya kubana, ikabidi vidoti vibandikwe juu ya gauni lake. Mchoraji ndiye aliyesimamia kazi. Kwa siku mbili walitembea mama, Afande na mfagizi, wakibeba ndoo, wakikimbilia mvua, wakitafuta mtoto aliyepotea. Katika toleo jipya la gemu, wanawake wa sokoni wakapata miendo yao. Askari wa lango alibaki na ndevu zake. Hapo mkuu aligoma, na bado wanabishana.

Siku hizi mchoraji hushuka mchana na daftari. Hukaa na Afande kwenye benchi la mlangoni, wakiwatazama wapita njia.

"Yule wa viatu vyekundu?" huuliza mchoraji.

"Ametoka kwa daktari wa meno," hujibu Afande. "Lakini sijui kwa nini anatabasamu. Ngoja nikamuulize."