Mjane wa Gehandu anayepigana na kesi yenye jina lake

Saa tatu asubuhi, upepo unashuka kutoka Mlima Hanang na kupiga vumbi machoni mwa wanaume waliokaa kwenye magogo nyuma ya nyumba ya marehemu. Mbele yao, kwenye mkeka, amekaa Belinda, mjane wa miaka ishirini na saba. Mumewe alizikwa mwezi wa pili. Leo ukoo wa mume umekutana hapa Gehandu kuamua shamba alilokuwa analima na mumewe libaki kwa nani.

Nyuma ya Belinda, juu ya kigoda, amekaa mwanamke mwembamba aliyevaa fulana ya bluu iliyopauka, kitenge kiunoni na kofia ya sufu ya kuzuia baridi. Huyo ni Fausta Margwe, miaka hamsini na tatu, msaidizi wa kisheria. Kazi yake ni kukaa na watu wa namna hii kwenye vikao vya namna hii, awaambie sheria inasemaje kabla hawajaambiwa na wengine kwamba haisemi kitu.

Mzee Tluway, mwenyekiti wa kikao, hana haraka. Anakohoa, anafuta mdomo, anazungumza kwa upole kabisa.

"Jambo hili si jipya. Tunayo kesi ya Fausta. Na yeye alifiwa, na yeye alikuwa na mtoto, na shamba likabaki kwa ndugu wa mume. Alikubali. Kama nasema uongo, mwenyewe yupo hapo, muulizeni."

Watu wote wanageuka kumtazama Fausta. Belinda naye anageuka. Fausta anainamisha kichwa na kutazama viatu vyake vya plastiki.

Hii ndiyo adha ya kazi yake, na hakuna mafunzo yaliyomwandaa kwa hilo. Kila anakokwenda kumtetea mjane katika vijiji hivi, jina lake limeshatangulia na limekaa upande wa pili.

Fausta alizaliwa Nambis, wilayani Mbulu, akaolewa Gehandu na Paskali Margwe. Pori walilopewa walilifyeka wenyewe, wakang'oa visiki kwa mikono, wakapanda mkonge pembeni kuwa mpaka. Walilima mahindi, mbaazi na alizeti. Paskali alifariki mwaka 2014 kwa homa ya mapafu, Felician, mtoto wao pekee aliyebaki hai, akiwa na miaka kumi na miwili.

Matanga hayajaisha vizuri, ukoo ukakutana. Ikasemwa shamba litakuwa chini ya Nikolausi, mdogo wa marehemu, naye atamlea Felician. Halafu kikaletwa kibuyu cha pombe ya asali. Katika ukoo ule, uamuzi hauandikwi popote. Unanywewa. Anayeupinga anakipitisha kibuyu bila kugusa, na anayenywa amemaliza maneno.

"Nilikuwa na kiu na nilikuwa na aibu," anasema Fausta. "Wazee wamekaa, shemeji yangu amenishikia kibuyu kwa mikono miwili, kwa heshima. Ningekikataaje? Kwetu kumkatalia mtu mzima kinywaji mbele za watu ni kama kumtemea mate. Nikanywa. Funda moja tu. Niliponyanyua uso nikaona wanaume wanasimama, wanakung'uta nguo, wanaondoka. Ndiyo nikajua imeisha."

Hakukata rufaa. Hakujua kama kuna kitu cha kukatia. Alirudi Nambis kwa kaka yake, akakaa huko miaka mitatu akipalilia vitunguu saumu vya watu, kisha akarudi Gehandu kupanga chumba ili awe karibu na mtoto wake. Alianza kuuza dagaa na chumvi kwenye mnada, na bado anauza. Kazi ya usaidizi wa kisheria haina mshahara. Shirika lililomfundisha humpa posho ya shilingi elfu ishirini kwa mwezi, na kuna miezi haiji kabisa.

Mafunzo yenyewe yalifanyika Katesh, makao makuu ya wilaya ya Hanang. Mwalimu wao alikuwa Rogers Mwita, wakili kutoka Tarime ambaye baridi ya huku ilimshinda, akawa anafundisha amevaa makoti mawili. Siku ya pili aliwaeleza kitu ambacho Fausta anasema kilimnyima usingizi.

Aliwaambia kwamba sheria za nchi hii zina mizizi kadhaa, na mmoja unaitwa komon loo. Zamani sana huko Uingereza kila sehemu ilikuwa na mila yake na vikao vyake. Wafalme wakaanza kutuma majaji wazunguke nchi juu ya farasi, wasikilize mashauri. Majaji wakirudi mjini wanaulizana: wewe kule uliamuaje? Aliyekutana na shauri linalofanana akafuata uamuzi wa mwenzake. Miaka ikaenda, uamuzi wa mmoja ukawa wa wote, na sheria hiyo ikapata jina kwa sababu ni ya watu wote, si ya kijiji kimoja. Hakuna bunge lililokaa likaitunga. Ilijengwa na watu waliogombana na majaji waliowaamua, kesi juu ya kesi.

Waingereza walipochukua Tanganyika walikuja nayo. Mpaka leo sheria ya Tanzania inaitaja tarehe 22 Julai 1920: mahali ambapo hatuna sheria yetu iliyoandikwa, mahakama inaweza kuchukua kanuni za komon loo kama zilivyokuwa siku hiyo. Wenyeji waliachiwa mila zao katika mirathi na ardhi, ilimradi mila isimchefue bwana shauri, yaani ofisa Mwingereza wa wilaya. Na mahakimu wetu bado wanafuata utaratibu ule ule wa kutazama mahakama za juu ziliamua nini kabla yao.

Rogers akawapa mfano. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua shauri la mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake. Ndugu walisema mila hairuhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo. Jaji akasema mila hiyo inambagua, na Katiba haikubali. Wanawake ambao hawajawahi kuiona Kagera wamesimama juu ya kesi hiyo mpaka leo.

"Nilinyoosha mkono," anakumbuka Fausta. "Nikamuuliza mwalimu, na aliyeshindwa je? Na yeye watu wanasimama juu yake?"

Rogers alimjibu kwamba ndiyo, kesi iliyoshindwa nayo hufuatwa. Ila akamtuliza kwamba kikao cha ukoo si mahakama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kuwa mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Kilichoamuliwa kwenye kibuyu hakimfungi mtu.

"Hakifungi kule Katesh," anasema Fausta. "Huku kinafunga."

Anawataja waliofungwa. Yupo Mectilda wa Getanuwas, ambaye sasa anafua nguo za watu mjini. Yupo Loveness, aliyerudi kwao na watoto watatu na hajasikika tena. Wote walitajiwa kesi ya Fausta. Loveness alikuja kumuuliza kama ni kweli alikunywa, na Fausta akamwambia ni kweli, kisha yeye mwenyewe akalia siku nzima.

Sasa ni Belinda. Kikao cha leo kimeahirishwa hadi baada ya mavuno. Kibuyu kitaletwa siku hiyo.

Njiani kurudi, Belinda anauliza bila kumtazama. "Mama Felician, swali langu si la dharau. Lakini ungekuwa mimi ungemsikiliza nani? Wewe wa leo au wewe wa zamani?"

Fausta anasema alitembea na swali hilo wiki nzima. Mwishowe akakata shauri: afufue kesi yake mwenyewe. Muda wa kudai ardhi kisheria ni miaka kumi na miwili, na miezi iliyobaki inahesabika kwa vidole. Kama zile kesi za majaji wa farasi zinajengwa moja juu ya nyingine, aliwaza, basi hata ya kwake inaweza kujengewa nyingine juu yake. Lakini kufanya hivyo ni kumshtaki Nikolausi.

Na Nikolausi si mtu mbaya. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mbaya. Amemlea Felician kama alivyoahidi, akamsomesha mpaka kidato cha nne, akampa ng'ombe wa kulimia, na kila mwaka akivuna humpelekea Fausta gunia la mahindi mlangoni bila kuombwa. Felician, ambaye sasa ana miaka ishirini na minne, anamwita baba.

Fausta hakutaka Nikolausi asikie kwa watu. Alimfuata nyumbani kwake, akamkuta anafunga kamba za jembe la ng'ombe. Wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto na mifugo. Kisha akamweleza kwamba anampeleka barazani.

Nikolausi hakupandisha sauti. "Shemeji, ungeniomba tu. Shamba ningekupa hata leo."

"Najua ungenipa."

"Sasa baraza la nini?"

"Ukinipa wewe, ni wema wako. Belinda hana shemeji mwema."

Sheria inataka mgogoro wa ardhi upite kwanza baraza la kata kwa usuluhishi, ndipo uende baraza la wilaya. Wiki mbili baadaye walikaa kwenye ofisi ya kata, Fausta benchi la kushoto, Nikolausi la kulia, Felician kasimama nyuma ya baba yake mdogo. Mwandishi wa makala haya alikuwepo.

Usuluhishi ulichukua muda mfupi kuliko chai iliyoletwa. Nikolausi alisimama, akavua kofia. "Sitaki kugombana na mke wa kaka yangu. Shamba lote nampa. Alichukue." Wajumbe wakashusha pumzi. Mmoja akaanza kupiga makofi.

Fausta naye akasimama. Akakaza kitenge kiunoni. "Nashukuru. Lakini naomba aseme mbele yenu kwamba shamba lilikuwa langu na mume wangu tangu mwanzo, na ukoo haukuwa na haki ya kuligawa. Habari imfikie na mzee Tluway. Akisema hivyo, tumemaliza."

Nikolausi alikuwa amesimama bado, kofia mkononi, na mtu yeyote angeona kwamba ameumia.

"Hilo sisemi," akajibu. "Nikisema hivyo, miaka yote hii nimekuwa mwizi. Mbele ya watoto wangu, mbele ya huyu niliyemlea. Mimi sikuiba. Nilipewa na wazee."

"Basi sipokei," akasema Fausta.

Mwenyekiti wa baraza alimbembeleza, akamwambia hajawahi kuona mtu aliyepewa kila kitu akakataa. Wakili Rogers, niliyempigia simu jioni ile, naye alisikitika. "Kama mteja wangu ningemshauri achukue. Amezungukwa na hatari. Mashahidi wa ule wakati wengi wamekufa, na akishindwa Katesh hatapata hata kile alichopewa bure. Baraza la wilaya haliweki sheria kwa nchi nzima, nilimwambia hilo. Akanijibu haitafuti nchi nzima."

Nje ya ofisi, Felician alimfuata mama yake mpaka kwenye kivuli cha ukuta. Ni kijana mrefu, mpole wa sura, na alikuwa amekasirika mpaka maneno yanamgongana.

"Mama, kitu umepewa. Umepewa mbele ya watu. Unataka baba mdogo apige magoti?"

"Sitaki apige magoti."

"Ukimpeleka Katesh, mimi nitakuwa shahidi wake. Nakuambia mapema usije kusema sikukuambia."

Fausta alimrekebisha kola ya shati iliyokuwa imekunjika. Kijana akaacha airekebishe, kisha akaondoka kumfuata Nikolausi. Msimu huu gunia la mahindi halikuja.

Cheti cha usuluhishi ulioshindikana sasa kipo, na shauri limefunguliwa Katesh. Linasubiri kutajwa. Jambo moja limebadilika Gehandu: mzee Tluway ametuma ujumbe kwamba kibuyu cha Belinda hakitaletwa sasa, ingawa mavuno yameisha. Ukoo utangoja kwanza usikie kesi ya Fausta imeishaje. Belinda alikuja mbio kumletea habari hiyo, akacheka, akamkumbatia. Fausta anasema alicheka naye, na mgeni alipoondoka akakaa kitandani akashindwa hata kuwasha jiko.

"Kumbe na yeye nimemfunga kwangu," anasema. "Nikishindwa, nimewashindia wazee mara mbili, na safari hii kwa mhuri wa serikali. Hilo ndilo linaniamsha."

Anauza dagaa wake siku za mnada, anaweka akiba ya nauli, na anajifunza kueleza habari za pori lile, visiki na mkonge bila kulia, kwa sababu Rogers amemwambia mwenyekiti wa baraza la wilaya hasikii vizuri mtu anayelia. Akishinda, anasema, shamba litakuwa la Felician kama atalitaka. Yeye mwenyewe hana nguvu tena za kulima.

Namuuliza kama hajutii kukataa siku ile. Anafunika beseni la dagaa kwa nailoni.

"Mwanangu hajanisalimia tangu siku ile," anasema. "Tarehe ya kusikilizwa ikifika, tutaonana. Shahidi lazima aje."