Kitufe Chini ya Plasta

Kwanza niseme wazi kwamba wazo la piano lilikuwa langu. Kamati ilitaka kuwapa walimu wetu wawili mablanketi, viti vya kupumzikia na tangi la maji, kama wanavyofanyiwa walimu wote wanaostaafu upande huu wa Embu. Nikasimama nikapinga. Nikasema watu waliofundisha muziki tangu wengine wetu hatujazaliwa hawaagwi kwa tangi. Nikasema Mwalimu wa kinanda amemaliza ujana wake kwenye vinanda vya umeme vya mtumba, na kabla hajapumzika anastahili kusikia mwanafunzi wake akimpigia piano ya kweli, ya mbao na nyaya. Nilizungumza vizuri sana. Mama mmoja wa kamati alifuta machozi, nami nikaketi nikijiona mtu wa maana.

Shule yetu ya muziki iko Kibugu, katika ukumbi mkuukuu ulio jirani na kituo cha kuuzia majani chai. Si ya serikali wala ya kanisa, ni ya wazazi. Tukiwa watoto tulikuwa tunatua vikapu vya chai kwenye foleni, tunawaachia mama zetu wasubiri mizani, kisha tunakimbilia darasani na vidole vyeusi kwa utomvu. Mwalimu wa kwaya alitufundisha kuimba kwa doremi. Alikuwa mtu mrefu mwenye uma wa chuma wa kupimia sauti, ambao aliugonga kwenye goti lake mwenyewe bila huruma. Mwalimu wa kinanda alikuwa mama mfupi, mkimya, aliyetusikiliza huku amefumba macho na kuhesabu mapigo kwa ncha ya kiatu. Kiatu kikisimama, ujue umekosea.

Sasa nije kwenye kitufe. Kila kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamisha sauti. Ukikibonyeza, unaweza kupiga wimbo wowote kwa vibao vyeupe peke yake, kwa ile ngazi ya C ambayo mtoto hujifunza wiki ya kwanza, na mashine yenyewe inaupandisha au kuushusha wimbo mpaka uwakute waimbaji walipo. Wapiga vinanda wengi wa makanisani, kuanzia Embu hadi Meru, wanakula kwa kitufe hicho na hawaoni haya. Mwalimu wa kinanda alikiita wizi. Alinunua plasta ya kufungia vidonda akakiziba kwenye kila kinanda cha shule, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Hakuna isipokuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipogundua kwamba ukiipulizia plasta pumzi ya moto, inabanduka upande mmoja, na ukimaliza unairudisha kwa kuisugua na kidole gumba. Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi bora wa shule. Wenzangu walihangaika na vibao vyeusi, ndimi nje, mimi natiririka tu. Mwalimu, macho yamefumbwa, akawa anawaambia, "Sikieni vile huyu anapiga. Huyu ameelewa." Nilipenda maneno hayo kuliko chakula.

Nikakua na ujanja huo. Nikawa mpiga kinanda wa kanisa letu mjini, wa harusi za Kanja, wa matanga popote nilipoitwa, na kinanda changu mwenyewe hakikuwa na plasta yoyote. Baadaye nikaanza kufundisha pale shuleni darasa la watoto wadogo kabisa, wale ambao bado wako kwenye C, kwa hiyo tulielewana vizuri. Kamati ilikuwa imekubaliana kwamba siku ya sherehe, Mwalimu akishatangaza kwamba anapumzika, mwenyekiti atanitaja mimi kuwa mrithi wa darasa lake. Nililitaka darasa hilo. Nilikuwa nimeshaamua hata meza yangu itakaa wapi.

Piano ilinunuliwa nyumbani kwa daktari mmoja mstaafu huko Meru, ikaletwa kwa lori la viazi, ikafichwa sebuleni kwa katibu. Wanaume sita waliiingiza wakilaani kwa Kiembu. Walipoondoka nikafunua kifuniko, nikaketi, nikanyoosha mgongo kama tulivyofundishwa. Mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe juu pembeni kutafuta kitufe, ukapapasa mbao. Nikapapasa na upande wa kulia.

Mke wa katibu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, naangalia vumbi. Nilikuwa nimepigania piano mwezi mzima, nimehutubu, nimeliza watu, na haikunijia hata mara moja kwamba piano ni mbao na nyaya na basi. Kama wimbo ni wa E fleti, wenye vibao vyeusi vitatu, ni wewe na vidole vyako. Nilisikia jasho likinitoka makwapani, na hapo Kibugu ni baridi mwaka mzima.

Nikakimbilia kwa Mwalimu wa kwaya. Yeye alipaswa kushtukizwa pia, lakini alikuwa ameinusa siri mapema na kujiingiza kuongoza mazoezi ya kwaya ya wanafunzi wa zamani, ambayo mimi ningeipigia piano, maana hangevumilia kuimbiwa vibaya kwenye sherehe yake mwenyewe. Wimbo ulikuwa wa kutunga kwake.

"Mwalimu, si tuimbe tu kwa C?" nikamwambia. "Sauti zetu zimezeeka."

Akagonga uma gotini, akausikiliza. "C? Hapo besi wataimbia chini ya sakafu. Hapana. E fleti, vile niliandika."

"Hata D?"

"Wewe unaogopa nini? Kwani si wewe ndio fundi?"

Zilibaki siku tisa. Kila alasiri nilikwenda sebuleni kwa katibu kujifunza, nikiwa na umri wangu huu, jambo ambalo watoto wenzangu walilimaliza wakiwa darasa la tano. Watoto wa katibu waliushika wimbo wote kabla yangu, wakawa wananisahihisha kutoka jikoni. Kufikia Ijumaa ubeti wa kwanza ulikuwa umekubali. Wa pili ulikuwa unakubali siku nyingine na siku nyingine unakataa, nami nikaomba Mungu ukubali Jumamosi.

Jumamosi ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Kulikuwa na mukimo wa viazi vilivyopondwa na mboga, nyama, na keki ya umbo la kinanda ambayo mpishi alikuwa amesahau kuiwekea vibao vyeusi, na nikaiona na kuionea wivu. Mablanketi yalinunuliwa hata hivyo. Walimu wawili wakafunikwa, wakakalishwa kwenye viti vyenye riboni, piano ikafunuliwa, na Mwalimu wa kinanda akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha akafumba macho.

Ubeti wa kwanza ulipita. Niliona kiatu chake kikicheza chini ya blanketi, nikaanza kufikiri kumbe mimi ni hodari. Ubeti wa pili, pale waimbaji wa sauti ya tenor wanapopanda, vidole vyangu vikakimbilia nyumbani kwao, kwenye vibao vyeupe. Zikasikika nyimbo mbili kwa wakati mmoja. Mwenzetu mmoja wa alto, aliyeolewa Muthara na kuondoka huko alfajiri kuja kuimba, akanitazama kama anavyotazamwa ng'ombe aliyeingia kwenye maharagwe. Kiatu kikasimama. Nikaondoa mikono, na kwaya ikamaliza bila mimi, maana Mwalimu wa kwaya alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti chake cha heshima na kuja kuiongoza, blanketi likiburura.

Wakati watu wanapiga makofi, Mwalimu wa kinanda akaja akasimama kando yangu.

"Piga hiyo ubeti tena," akasema polepole.

"Siwezi, Mwalimu."

"Basi piga kwa C."

Nikapiga kwa C. Ulitiririka vizuri mno, na hapo ndipo aliponikamata. Nilimwona akielewa. Aliangalia vidole vyangu, akaangalia upande wa juu wa piano ambako hakukuwa na kitu, akarudi mbele. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na nilitamani nipewe kazi ya kuosha masufuria huko nyuma.

Alipopewa kipaza sauti alitoa karatasi kwenye mkoba. "Nilikuwa nimeandika hapa ati naenda kupumzika," akasema. Akaikunja. "Lakini mmejionea wenyewe. Kazi haijaisha." Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wa kuagana. Yeye hakucheka. Akanielekezea kidole. "Wewe, Jumanne saa kumi. Utakaa na wale watoto." Mwenyekiti naye akakunja karatasi yake, na jina langu ndani yake.

Jumanne nikaenda. Nilikaa kwenye benchi fupi, magoti kifuani, kati ya wasichana wawili wa darasa la pili ambao walinihurumia na kunigawia njugu. Walipoondoka, Mwalimu akafunga mlango.

"Miaka yote hiyo," akasema, "kwa nini hukuniambia hujui?"

"Ulikuwa unanisifu, Mwalimu."

Nilitarajia anigombeze. Nilikuwa hata nimejiandaa, nina majibu matatu, na moja lilikuwa la kuchekesha. Lakini aliyatazama yale madawati matupu, na nikaona kwamba hanifikirii mimi hata kidogo.

"Na wale wengine," akasema. "Wale walikuwa wanapiga kwa haki, wakikosea. Mimi nikiwaambia wakusikize wewe."

Akavuta kiti chake karibu, akaniambia nianze ubeti wa pili, mkono wa kushoto peke yake.