Mlima Ulioshushwa Cheo

Shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu mdogo, anaishi Syokimau, mahali tambarare kama meza, na huenda ndiyo sababu anajiona bingwa wa milima. Ana kikundi chake cha Jumamosi. Wanapanda, wanapiga picha, kisha wanagawa vyeo: huu ni mlima, kile ni kilima, hicho hakihesabiki.

Alikuja kwetu, upande wa Mitaboni, amevaa buti za kupandia barafuni, akatukanyagia maharagwe. Wakati huo mama alikuwa na haja moja tu: kupanda kiima chetu, mlima ulio nyuma ya boma, mara moja tena kabla magoti hayajamkataa kabisa. Baba alipokuwa hai walikuwa wakipanda pamoja baada ya mavuno, wakaitazama nyumba yao kutoka juu.

Shemeji akatoa simu, akaielekeza huku na huku, akakunja uso kama daktari.

"Hii si kilele," akasema. "Ni bega ya ule mkubwa. Kati yao hakuna bonde ya maana. Kwa nini mama aumie juu ya bega? Ule mwingine uko na barabara mpaka kwa mnara ya simu. Nitampeleka na gari."

Hata neno kiima lilimchekesha. Alisikia hiyo "ki" akadhani sisi wenyewe tunakiri kwamba ni kidogo. Kwa Kikamba hata mlima mkubwa kabisa ni kiima. Sikumweleza. Mtu anayepima mlima kwa simu sina lugha ya kumfundishia.

Mama hakubisha. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawajibizani. Heshima hiyo tunaiita nthoni, na mama ameishika tangu siku ya arusi. Shemeji, ambaye kwao hawana jambo hilo, aliuchukua ukimya ule kuwa ni kukubaliwa. Miaka yote amedhani mama humwona mwerevu.

Basi mama akakaa kiti cha nyuma, uso dirishani, nami kando yake. Huko juu tulikuta mnara, ua wa seng'enge na upepo wa kukata masikio.

"Sasa mama, hapa ndiyo juu kabisa," shemeji akatangaza, akampiga picha bila kuuliza.

"Mwambie asante," mama akaniambia mimi. Kisha, chinichini: "Nyumba iko wapi?"

Haikuonekana. Kiima chetu kilikuwa kimeiziba, na kutoka pale, lazima niseme, kilifanana na bega kweli. Ndipo nilipomchukia shemeji zaidi.

Yeye alikuwa ameinamia simu, anasajili ushindi wake. Mama akamgeukia. Akamtazama usoni, machoni kabisa, na mimi nikaona aibu hadi nikatazama chini.

"Wewe kijana," mama akasema. "Nirudishe kwa mlima yangu."

Tulishuka kwa gari. Chini ya kiima nilimshika mama kiwiko, tukapanda polepole, tukapumzika, tukapanda tena. Hatukufika juu. Tulifika mahali ambapo bati la nyumba linaonekana, akakaa juu ya jiwe, akatazama mpaka akatosheka.

Shemeji alitusubiri ndani ya gari. Jioni nilimsikia akimwambia dada yangu, kwa furaha, kwamba hatimaye mama mkwe ameanza kumzoea.