Majalada ya Kuchomwa

Karani mpya wa masijala hapa Manyoni hulamba kidole kabla ya kufungua jalada, na hilo peke yake linatosha kunikera. Tangu watu wahamishiwe vijiji vya ujamaa, ameyapanga upya majalada yote kwa mtindo wake. Mtindo wangu wa miaka kumi na mmoja sasa ni lundo sakafuni, linangoja moto. Wala hachomi ovyo. Kila jalada la zamani hulinyanyua kwa mikono miwili, kama bakuli la uji wa moto, akatafuta kwenye yale mapya kama kuna barua inayolitaja, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Kuna anayelitegemea hili?" Wakubwa husimama mlangoni kumtazama tu. Mimi hawakuwahi kunitazama.

Leo asubuhi nilimwona akiliweka kwenye lundo jalada la kisima cha Mitundu, lenye vipimo vya pampu ambavyo havipo pengine popote. Nikanyamaza, nikanywa chai yangu. Saa nane akaja nalo mezani kwangu, amelifuta vumbi.

"Shikamoo mzee. Hili nilikosea. Nimepitia tena kabla ya kuwasha moto, nikakuta barua yako ya mwaka sitini na saba inalitaja. Bila wewe watu wa Mitundu wangekosa maji."

"Marahaba," nikasema, basi.

Kumbe na wakubwa alikuwa amewaambia hivyo hivyo. Jioni walisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza wakanitazama mimi.